Kompyuta Inayopotea Mtandaoni Ikiachwa: Tupime Kabla ya Kununua, Tuandike Kabla ya Kulaumu

Mada iliyotolewa na ofisi ya mratibu wa miradi ya dayosisi kwa makarani, wahasibu, watunza takwimu na viongozi wa vituo, Magomeni, Mtwara

 

Ndugu washiriki, tunawashukuru kwa kufika. Wengine mmetoka hapa hapa mjini, wengine Mikindani, na wengine mmeamka alfajiri kutoka upande wa Msimbati na vijiji vilivyo karibu na Mto Ruvuma. Mmeacha madirisha ya malipo, madaftari ya wagonjwa na taarifa za robo mwaka zinazosubiri. Kwa sababu hiyo hatutawachosha kwa maneno makubwa ya kitaalamu. Tutazungumzia tatizo moja tu, ambalo vituo vyetu kadhaa vimelileta ofisini kwetu kwa namna moja au nyingine.

Tatizo lenyewe ni hili. Kompyuta inafanya kazi vizuri ukiwa umeikalia. Unafungua mafaili yaliyoko kwenye kompyuta kuu, yaani seva, unachapa kwenye printa ya pamoja, hakuna shida. Ukiinuka kwenda kumhudumia mtu, au kwenda kula, au kwenye ibada ya watumishi, ukirudi unakuta kompyuta haiko tena mtandaoni. Seva haionekani. Programu ya hesabu imeganda au imejifunga. Ukiizima na kuiwasha inapona. Kesho yake hadithi ni ile ile.

Barua tunazopata juu ya jambo hili kwa kawaida huishia na ombi moja kati ya mawili: tununuliwe kompyuta mpya, au karani abadilishwe. Tunachotaka kusema leo ni kwamba mara nyingi dawa si moja ya hayo mawili. Kompyuta inayopotea ikiachwa ina sababu, na sababu hiyo ina saa yake. Anayeandika saa ataipata sababu. Asiyeandika atanunua mashine mpya na kuhama na tatizo lake.

Tusichanganye mambo matatu

Tunaposema "mtandao umekatika" tunakuwa tumeunganisha mambo matatu tofauti, na kila moja lina dawa yake.

La kwanza ni umeme. Umeme ukikatika au ukiyumba, swichi, yaani kile kisanduku kinachounganisha nyaya za kompyuta zote, huzimika. Kompyuta iliyoko kwenye UPS itabaki inawaka huku swichi imezima, na mtu atadhani kompyuta ndiyo mbovu. Dalili ya tatizo hili ni kwamba kompyuta zote hupotea kwa pamoja. Dawa yake ni kuiweka swichi nayo kwenye UPS. Haihitaji umeme mwingi.

La pili ni intaneti. Mnakumbuka tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika upande wa Afrika Kusini, na intaneti ikadhoofika hapa Tanzania na katika nchi jirani. Siku zile, kituo chenye mtandao wa ndani ulio mzima kiliweza kuendelea kufungua mafaili ya seva na kuchapa kama kawaida, kwa sababu njia kutoka kompyuta ya mapokezi hadi seva iliyoko chumba cha pili haipiti baharini. Kwa hiyo barua pepe isipofunguka, tusikimbilie kusema kompyuta yetu imekufa.

La tatu ni mtandao wa ndani wa ofisi, na ndani yake, kompyuta moja peke yake. Wenzako wanaendelea na kazi, seva inaonekana kwao, lakini mashine yako imepotea, na ilipotea wakati hakuna aliyeigusa. Hilo ndilo la leo.

Swali la kwanza, basi, linaulizwa kwa mdomo tu na halina gharama: "Na wewe mwenzangu umekatika?" Jibu likiwa ndiyo, tuangalie umeme, swichi na ruta. Jibu likiwa hapana, tubaki kwenye mashine hiyo moja.

Kwa nini mashine husinzia

Kompyuta zimefundishwa kulala. Mwaka 1992 shirika la serikali ya Marekani linaloshughulikia mazingira lilianzisha alama ya Energy Star, na kompyuta pamoja na skrini zake zilikuwa bidhaa za kwanza kuingizwa katika mpango huo. Lengo lilikuwa mashine isiyotumika isile umeme bure. Baadaye usingizi huo ulishuka mpaka kwenye njia ya mtandao yenyewe. Mwaka 2010 ulipitishwa utaratibu wa kimataifa wa kupunguza umeme kwenye waya wa mtandao pale ambapo hakuna data zinazopita.

Lengo hilo ni jema, na sisi tunaonunua LUKU hatuwezi kulikataa. Shida ni kwamba kompyuta haijui tofauti kati ya karani aliyekwenda nyumbani na karani aliyesimama dirishani na mama mwenye mtoto mgonjwa. Yenyewe inahesabu dakika tangu kibodi na kipanya vilipoguswa mara ya mwisho. Dakika zikitimia, inalala.

Tena kuna aina tatu za usingizi, na ni muhimu tuzitofautishe.

Usingizi wa skrini: kioo kinakuwa cheusi, lakini kompyuta iko macho na mtandao upo. Huu hauna madhara yoyote.

Usingizi wa kompyuta nzima: kioo ni cheusi vile vile, lakini mashine nayo imelala. Mara nyingi taa yake ya mbele hupepesa au hubadilika rangi, na feni hunyamaza. Hapo mawasiliano na seva yamekatika.

Usingizi wa kadi ya mtandao peke yake: kompyuta iko macho, lakini imeruhusiwa kuizima kadi kila inapoona haina kazi. Huu ndio mgumu kuutambua, kwa sababu mashine inaonekana nzima kabisa.

Mtu anayetazama kioo tu hawezi kutofautisha wa kwanza na wa pili. Na hapo ndipo watu wanapoumia.

Yaliyotokea katika kituo kimoja

Tuwape mfano kutoka kituo chetu kimoja, bila kutaja jina lake. Kompyuta ya karani wa malipo ilikuwa inatumia programu ya hesabu ambayo kumbukumbu zake zote ziko kwenye seva, chumba cha pili. Karani akiingiza stakabadhi kisha akainuka kwenda kuhudumia, akirudi anakuta programu imekosa seva na imejifunga. Anaizima kompyuta, anaiwasha, anafungua upya. Sasa hana uhakika kama ile stakabadhi ya mwisho iliingia au haikuingia. Kwa uaminifu wake kabisa anaiingiza tena.

Ndugu zangu, fikirini matokeo yake. Stakabadhi moja imeingizwa mara mbili. Kitabu cha kompyuta kinasema zimepokelewa fedha nyingi kuliko zilizomo kwenye sanduku. Mwisho wa robo mwaka hesabu hazikulingana, na pengo lilikuwa upande mbaya, upande unaoonekana kama wizi. Uongozi wa kituo ulimtaka dada yule ajieleze kwa maandishi. Watumishi wenzake walianza kunong'ona. Wakati huo huo muuzaji mmoja wa vifaa alikuwa ameshaandika bei ya kompyuta mpya, na fedha ilikuwa itolewe kwenye fungu la mafuta ya pikipiki ya huduma za vijijini.

Tuliombwa tuidhinishe mambo yote mawili. Tukaomba siku tano kwanza, na daftari moja.

Katika daftari hilo kila aliyekuwa zamu aliandika mambo manne tu: saa aliyoigusa kompyuta mara ya mwisho, saa aliyorudi, kama mtandao ulikuwepo au la, na kama wenzake walikuwa mtandaoni. Baada ya siku tano lilisomeka wazi. Kompyuta haikupotea hata mara moja wakati mtu anaandika. Haikupotea mtu alipoondoka kwa dakika 10. Ilipotea karibu kila mara mtu alipoondoka kwa zaidi ya dakika 20. Na wenzake wote walikuwa mtandaoni.

Kisha tulibadilishana nyaya. Waya wa kompyuta ile ukapelekwa kwa jirani, wa jirani ukaletwa hapo, na tundu la swichi likabadilishwa vile vile. Jirani hakupata shida. Mashine ile ile ikaendelea kupotea. Kwa hiyo waya na swichi vilikuwa safi.

Tulipofungua mipangilio ya umeme tukakuta kompyuta imepangwa ilale baada ya dakika 20. Hapo mtumishi mmoja akakumbuka kwamba miezi michache nyuma mashine ilikwenda kwa fundi na kuwekewa Windows upya. Windows ikiwekwa upya hurudi na mipangilio ya kiwandani, na mtumiaji haambiwi. Tukaweka isilale inapokuwa kwenye umeme. Tatizo likapungua sana, lakini halikwisha: baada ya mapumziko marefu ya mchana kompyuta ilikutwa iko macho, lakini seva haionekani. Ndipo tukafungua mipangilio ya kadi ya mtandao na kuondoa ruhusa ya kuizima. Daftari liliendelea wiki nzima iliyofuata bila tukio hata moja.

Ilibaki habari ya dada yetu. Windows hutunza kumbukumbu ya matukio yake, na humo huandika saa ambayo mashine iliingia usingizini na saa ilipoamka. Mhasibu alichukua orodha ya stakabadhi zilizojirudia akailinganisha na kumbukumbu hiyo. Kila iliyojirudia iliingizwa mara ya pili muda mfupi baada ya mashine kuamka na kuwashwa upya. Zilipofutwa zilizojirudia, kitabu na sanduku vikalingana. Barua ya kujieleza ikaondolewa kwenye faili lake, na uongozi ukamtangazia jambo hilo mbele ya watumishi wote, kama ilivyostahili. Fungu la mafuta ya pikipiki halikuguswa.

Hatua za kufuata katika kituo chako

Ukipata tatizo la namna hii, fuata hatua hizi kwa mpangilio. Usiruke, na usibadilishe vitu viwili kwa siku moja, maana ukipona hutajua kilichokuponya.

Hatua ya kwanza: uliza wenzako, kama tulivyosema. Kisha tazama taa ndogo pale waya wa mtandao unapoingia nyuma ya kompyuta. Kama taa hizo zimezima wakati kompyuta inawaka, ama waya umelegea, ama swichi haina umeme, ama kadi imezimwa.

Hatua ya pili: anza daftari. Siku tatu hadi tano zinatosha. Andika saa, usiandike maoni. "Imesumbua tena leo" haitusaidii. "Niliondoka saa 4:10, nilirudi saa 4:45, seva haionekani, mapokezi wanaiona" inatusaidia sana.

Hatua ya tatu: jaribu ukiwa kwenye kompyuta nyingine. Fungua dirisha jeusi la amri, andika neno ping, acha nafasi, kisha andika anuani ya IP ya kompyuta inayosumbua. Anuani hiyo utaipata ukiandika ipconfig kwenye mashine yenyewe ikiwa nzima. Fanya jaribio la kwanza wakati mashine iko macho, kwa sababu kuna kompyuta zilizowekewa ulinzi usiojibu ping kabisa. Ikijibu, iache bila kuigusa, ujaribu tena kila baada ya dakika tano. Usiipige mfululizo, maana ukiiita bila kuacha unaweza kuizuia kadi isilale, ukasema tatizo halipo. Andika dakika ambayo majibu yanakoma. Kisha sukuma kipanya cha mashine inayosumbua uone kama majibu yanarudi. Yakirudi, umeshajua: ilikuwa imelala.

Hatua ya nne: badilishana waya na jirani. Tatizo likihama na waya, nunua waya. Sisi watu wa pwani tuwe waangalifu hapa, kwa sababu hewa ya chumvi hula shaba ya viunganishi taratibu. Waya wa aina hii pia usizidi mita 100 kutoka swichi hadi kompyuta. Lakini tukumbuke, waya mbovu hauchagui wakati wa mapumziko. Husumbua hata mtu akiwa anaandika.

Hatua ya tano: mipangilio ya kulala. Fungua "Settings", kisha "System", kisha sehemu ya "Power". Utaona muda wa kuzima skrini na muda wa kulala. Skrini iache izimike hata baada ya dakika 10. Muda wa kulala inapokuwa kwenye umeme, weka isilale kamwe.

Hatua ya sita: kadi ya mtandao, kama hatua ya tano haikumaliza tatizo. Fungua "Device Manager", kisha "Network adapters", bofya mara mbili jina la kadi, ufungue ukurasa wa "Power Management". Sentensi ya kwanza humo inairuhusu kompyuta kuzima kifaa hiki ili kuokoa umeme. Ondoa alama ya vema, kubali, halafu washa kompyuta upya. Katika baadhi ya kompyuta mpya, hasa za kupakata, ukurasa huo hauonekani. Hapo mwite msimamizi wa mtandao badala ya kuhangaika peke yako. Hatua hii huhitaji pia jina na nywila ya msimamizi, na hilo ni jambo jema.

Hatua ya saba: endelea na daftari kwa wiki nzima baada ya marekebisho. Siku moja bila tatizo si ushahidi wa kupona.

Mambo yanayofanana na usingizi

Yapo mambo mengine ambayo huonekana hivyo hivyo, lakini daftari litayatenganisha.

Wengi mmeuliza kuhusu ile alama nyekundu ya mkasi inayotokea kwenye folda ya seva mtu akirudi kutoka mapumziko. Kompyuta ya Windows inayotoa mafaili kwa wenzake hufunga mawasiliano yasiyotumika baada ya dakika 15, isipokuwa ibadilishwe. Ukibofya folda hiyo, mawasiliano hufunguka tena yenyewe. Kama inafunguka, hakuna ugonjwa. Zipo programu za zamani zisizovumilia jambo hilo, na muda huo unaweza kurefushwa, lakini kazi hiyo hufanywa kwenye mashine inayotoa mafaili na afanye msimamizi wa mtandao.

Jambo jingine ni anuani. Ruta hukopesha anuani kwa kila kompyuta kwa muda fulani, na kompyuta huomba kuongezewa muda. Ukiandika ipconfig ukaona anuani inayoanza na 169.254, maana yake kompyuta iliomba anuani, haikujibiwa, ikajipa yenyewe. Hapo mwenye kutazamwa ni ruta au njia ya kuelekea kwenye ruta.

Tena kuna anuani moja iliyopewa vifaa viwili, kwa mfano printa mpya iliyowekewa namba ambayo tayari ni ya kompyuta. Kompyuta itapotea kila printa inapowashwa. Daftari litaonyesha kwamba tukio linafuata kuwashwa kwa printa wala halifuati mapumziko.

Mwisho, wanaotumia mtandao usio na waya wajue kwamba kadi za namna hiyo nazo huokoa umeme, hasa kompyuta ya kupakata ikiwa kwenye betri. Kwa dirisha la malipo na chumba cha takwimu, tunashauri waya.

Tahadhari mbili

Ya kwanza ni usalama. Kuizuia kompyuta isilale si kuiacha wazi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inatudai tulinde taarifa za watu, na taarifa za wagonjwa ni miongoni mwa zile nyeti. Kompyuta ibaki macho lakini kioo kifungwe kwa nywila. Ukiinuka, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi L. Kioo kinajifunga, mtandao unabaki.

Ya pili ni umeme. Tuchukulie kompyuta ya mezani inayotumia wati 50 ikiwa macho bila kazi. Kwa saa 8 za kazi itatumia chini ya nusu ya uniti moja. Kwa siku 22 za kazi ni uniti zisizofika 9 kwa mwezi. Lakini ikiachwa macho usiku na mchana kwa siku 30 ni uniti 36. Kwa hiyo utaratibu uwe huu: saa za kazi isilale, jioni izimwe kabisa. Atakayetoka wa mwisho aikague.

Uwakili wetu

Wapendwa, mnaweza kuuliza kwa nini dayosisi itumie asubuhi nzima kuzungumzia usingizi wa kompyuta. Sababu ni kwamba mashine hizi hatukuzinunua kwa fedha zetu binafsi. Zimetokana na sadaka za washarika wa hapa na za marafiki wa mbali ambao hawatafika kuziona. Katika Mathayo 25 tunasoma habari za watumishi waliokabidhiwa talanta na jinsi walivyotolewa hesabu bwana wao aliporudi. Kununua mashine mpya wakati ile ya zamani inahitaji kuondolewa alama moja ya vema ni matumizi ambayo hatutaweza kuyatolea hesabu kwa uso mkunjufu.

Lakini zaidi ya mali kuna mtu. Torati, katika Kumbukumbu la Torati 19, haikubali mtu atiwe hatiani kwa shahidi mmoja. Katika kituo tulichokitaja, shahidi wa kwanza alikuwa pengo la hesabu, na peke yake alikuwa anamshitaki mtu asiye na hatia. Walipoitwa mashahidi wawili zaidi, yaani daftari na kumbukumbu ya mashine yenyewe, ukweli ukajulikana. Wazee wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tunaongeza kwamba hata jina jema la mtumishi linaweza kupotea bila daftari.

Kwa hiyo tunaomba kila kituo kirudi na maazimio matatu. Moja, kila kompyuta iwe na daftari lake dogo, lenye tarehe ya kununuliwa, tarehe za matengenezo na matukio ya kupotea mtandaoni. Mbili, kila mashine inaporudi kutoka kwa fundi, au inapobadilishiwa Windows, mipangilio ya kulala na ya kadi ya mtandao ikaguliwe siku hiyo hiyo. Jambo hili ni la haraka kwa sasa, kwa kuwa Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na vituo vingi vimo katika kubadilisha. Tatu, ombi lolote la kununua kompyuta mpya kwa sababu ya mtandao liletwe ofisini kwetu likiambatana na kurasa za daftari za siku tano. Bila kurasa hizo tutalirudisha kwa upendo.

Na karani akisema, "Mimi niliondoka kidogo tu, nikarudi nikakuta imekatika," tumsikilize. Huenda anatueleza ukweli mtupu, pamoja na chanzo cha tatizo ndani yake.

Baada ya chai tutagawanyika katika makundi ya watu wanne wanne, na kila kundi litafungua mipangilio hii kwenye mashine zilizoko chumba cha pili. Msiogope kuuliza. Mungu awabariki na abariki kazi ya mikono yenu.